Rangi ya nembo isipande kila ukuta

Dada, umesema kampuni yenu ya uwakala wa forodha inahamia ghorofa ya nne pale Posta, Dar es Salaam, na bosi anataka kuta zote zipakwe rangi ya chungwa ya nembo, mteja aijue kampuni akiingia tu. Mzuie mapema. Jua la saa tisa likipiga kwenye ukuta wa chungwa, hata karatasi nyeupe mezani inaonekana ya njano, na nyinyi kutwa mnasoma nyaraka.

Kuta ziwe nyeupe ya maziwa. Chungwa libaki nyuma ya meza ya mapokezi, basi.

Kinachowatambulisha hasa ni kazi yenu. Mwambie seremala atengeneze meza hiyo kwa mbao za mninga, kwenye kona afunge vyuma vyenye matundu kama vya kontena. Ukutani tundikeni ramani kubwa ya njia za mizigo kutoka bandarini hadi Lusaka, Kigali na Lubumbashi. Mteja wa Kongo ataanza kutafuta mji wake kabla hajakaa.

Mlango wa kuchonga wa Zanzibar uliouulizia ni mzuri, sikatai, ila hoteli ngapi zinao? Hela hiyo nunueni viti vya maana. Mawakala wenu wanakaa sana.

Kabla ya kununua ndoo za rangi, pakeni kipande cha mita moja mkitazame asubuhi, alasiri na taa zikiwaka. Na someni mkataba wa pango kabla fundi hajatoboa ukuta.