Tamasha gani la Japani linamfaa mwanamke anayesafiri peke yake?

Dada yangu, umeuliza kama mwanamke aliye peke yake anaweza kushiriki katika matamasha ya Japani badala ya kutazama tu, na umetaja Gion, tamasha la mji wa Kyoto. Gion inapendeza, hasa jioni za tarehe 14 hadi 16 Julai, taa zinapowashwa kwenye magari marefu ya mbao yatakayokokotwa mitaani tarehe 17; lakini hapo utabaki mtazamaji, na baadhi ya magari hayo hata leo hayapandwi na wanawake.

Mimi ningekwenda Tokushima, kisiwani Shikoku, kwenye Awa Odori, tamasha la ngoma la tarehe 12 hadi 15 Agosti, kwa kuwa huko kuna kundi liitwalo niwaka ren, ambalo mgeni yeyote hujiunga nalo bila kujiandikisha: unainua mikono juu ya kichwa, mkono na mguu wa upande mmoja vinatangulia pamoja, na ukikosea hakuna anayekununia. Wanawake waliobobea hucheza kwa ncha za viatu vya mbao, nyuso zimefichwa nusu na kofia za majani zilizokunjwa.

Chumba kitafute miezi kadhaa kabla, maana hizo ni siku za Obon, za kuwakumbuka waliotangulia, na Wajapani wenyewe husafiri kurudi kwao. Beba pia taulo dogo. Joto la huko ni la jasho, kama la Dar es Salaam mwezi Februari.