Usilipe atelie inayokukataza kusoma

Mdogo wangu wa Katuba, ngoja kwanza. Umesema unataka kutunga hadithi fupi ya shindano. Umeuliza usome zipi, iwe na kurasa ngapi, na uandike Kiswahili au Kifaransa. Halafu mwishoni kabisa unatutajia mwalimu wa atelie, yaani darasa la uandishi, anayetaka dola zako, tena amekuambia usisome hadithi za watu kwa sasa, usije ukapoteza sauti yako. Hapo damu ilinichemka. Maneno hayohayo niliuziwa mimi, hapahapa Lubumbashi.

Nilimwamini yule bwana. Alikuwa na Kifaransa cha kuteleza na karatasi zenye kanuni: anza na tukio, mhusika awe na lengo, maliza na mshtuko. Hadithi yenyewe hatukufungua hata moja. Alisema anayesoma sana huishia kuiga. Nikaandika mkusanyiko mzima hivyohivyo, naye akanisifu, akanipeleka kwa mchapaji anayejuana naye. Pesa niliyoweka kwa ajili ya bati za nyumba ya mama ikaishia kwenye karatasi. Kartoni za vitabu ziko mpaka leo chini ya kitanda cha dada yangu, na mama alimaliza wakati wote wa mvua akitega masufuria chini ya matundu. Hilo sijamsamehe yule bwana.

Binamu yangu ndiye aliyesoma kitabu mpaka mwisho. Katika hadithi niliyoitegemea kuliko zote, mchimbaji wa Kolwezi anagundua kwenye ukurasa wa mwisho kwamba mnunuzi wa madini ni baba yake. Binamu akafunga kitabu, akaniuliza: “Sasa huyu baba ametoka wapi?” Nikakosa jibu. Kanuni ilisema mshtuko uwe mwishoni. Hakuna aliyenionyesha kwamba mshtuko huandaliwa tangu mwanzo.

Ndiyo maana nakuambia katafute “La Parure”, hadithi fupi ya Mfaransa Guy de Maupassant, iliyotoka kwenye gazeti la Paris mwaka 1884. Usiniambie uliisoma shuleni. Shuleni tuliulizwa fundisho lake, tukajibu tamaa ni mbaya, tukapewa pointi. Safari hii isome na biki mkononi. Mathilde anaazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake tajiri, Bi Forestier, aende nao kwenye dansi. Mkufu unapotea. Yeye na mumewe wanakopa huku na huku, wananunua mwingine kwa faranga 36,000, wanalipa deni miaka kumi. Ndipo anaambiwa ule wa kwanza ulikuwa bandia, haukuzidi faranga 500.

Mwisho unaujua. Sasa rudi nyuma, umkamate mwandishi. Mathilde anapoomba ule mkufu, rafiki anakubali papo hapo, bila kusita. Wanapotafuta wa kufanana nao, sonara ambaye jina lake limo ndani ya kasha anapekua vitabu vyake, anasema mkufu huo hakuuuza yeye. Yeye alitoa kasha tu. Kasha tu! Ni maneno machache, na ukisoma kwa haraka yanakupita. Mkufu mpya unaporudishwa, Bi Forestier analalamika kwamba umecheleweshwa, lakini kasha halifungui. Wewe ungekuwa na almasi ya kweli, usingefungua?

Tazama pia Maupassant anavyogawa nafasi. Usiku mmoja wa dansi anakaa nao. Miaka kumi ya dhiki anaipitisha kwa aya chache, na bado unamwona mwanamke akipandisha maji ngazini, akisimama kila ghorofa kuvuta pumzi, akibishania kila senti sokoni. Mimi nilitumia kurasa nzima kueleza moshi na vumbi, mnunuzi wangu wa madini nikampa mistari michache.

Na huyo Maupassant, alipoteza sauti? Alikaa miaka saba chini ya mwandishi Flaubert, akiandika na kusahihishwa, kabla hadithi yake “Boule de Suif” haijamtoa mwaka 1880.

Chukua hadithi moja, urudie mpaka uweze kueleza kila aya imewekwa pale kwa nini. Andika pembeni: hapa anaficha, hapa anaharakisha, hapa ananiandaa. Usiruke kwenda nyingine kabla. Ukishaimaliza, chukua ya Kiswahili, uifanyie vilevile. Na asije mtu hapa kusema nina wivu na walimu wa uandishi. Wapo wazuri, hao siku ya kwanza wanakuwekea hadithi mezani mnaisoma pamoja.

Kama umeshamwachia avansi huyo mwalimu wako, kaidai kesho asubuhi, nenda na mtu mzima wa nyumbani. Na “La Parure” ukiikosa, niandikie hapahapa. Ninayo fotokopi, nitakupigia picha kurasa zote.