Singapore hadi New York kwa ndege ni saa ngapi?

Ndugu uliyeuliza umbali wa Singapore na New York: kwa mstari wa angani ni kama kilomita 15,300. Ndege ya moja kwa moja ipo, Singapore Airlines wanairusha kwa Airbus A350, nawe utakaa kitini saa 18 hivi, pengine karibu 19.

Ukigawanya 15,300 kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa unapata 17. Zinazobaki zinaliwa na kupaa, kutua, na kuzunguka. Tena rubani hafuati mstari mfupi kila siku. Ukivuta uzi kwenye tufe la dunia utaona mstari huo unapita karibu kabisa na Ncha ya Kaskazini, lakini juu angani, mbali na ncha hiyo, kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Mara nyingi inafaa kurefusha njia ili usukumwe nao kuliko kupambana nao, ndiyo maana njia na muda hubadilika siku hadi siku.

Ukipitia mji mwingine, hesabu saa 22 na kuendelea, kutegemea utasubiri muda gani kiwanjani.

Kuhusu tofauti ya saa: kipindi cha joto cha New York ni saa 12 kamili, kwa hiyo saa yako ya mishale huigusi kabisa, ila usiku umekuwa mchana! Kipindi cha baridi zinakuwa 13.