Pikseli Milioni Nane, Biti Ngapi?

Swali: Boksi la runinga limeandikwa 4K, menyu inasema UHD, faili linasema 2160p. Ni vitu vitatu au kimoja?

Kwa runinga ni kitu kimoja: pikseli (vinukta vinavyounda picha) 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo, jumla 8,294,400. Hiyo ni mara nne kamili ya Full HD, yenye 1920 kwa 1080. Jina la 4K limeazimwa kwenye sinema, ambako fremu ina upana wa pikseli 4096. Ya runinga haifiki hata elfu nne. Halafu kuna ujanja kidogo: zamani tulitaja kimo (1080), sasa tunataja upana. Ndiyo maana ukitoka 1080 kwenda 4K unadhani umeruka mara nne kila upande, kumbe ni mara mbili.

Swali: Nalipia intaneti ya 20 Mbps, lakini faili linashuka kwa MB 2.5 kwa sekunde. Naibiwa?

Huibiwi. Herufi M ni milioni, ps ni kwa sekunde, b ndogo ni biti (sifuri au moja ya kompyuta), B kubwa ni baiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya 20 kwa 8.

Swali: Mbona filamu ya 4K ninayotiririsha wakati mwingine inazidiwa ubora wa picha na diski ya Blu-ray ya Full HD?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu boksi la runinga halilijibu. Boksi hutaja pikseli, halitaji biti.

Tupige hesabu. Filamu ina fremu 24 kwa sekunde. Kila pikseli ikipewa biti 24 za rangi, 4K isiyobanwa inahitaji takriban 4.8 Gbps, yaani biti bilioni 4.8 kwa sekunde. Mtiririko unaokufikia huenda ni 15 Mbps tu. Maana yake, katika kila biti 300 na ushee, imebaki moja. Nyingine zimekwenda wapi? Kwanza, maelezo ya rangi hupunguzwa, kwa kuwa jicho hunasa mwanga vizuri kuliko rangi; hapo peke yake nusu ya biti imeondoka. Kisha fremu nyingi hazitumwi nzima, hutumwa kilichobadilika tu. Mtangazaji aliyeketi mbele ya ukuta hana gharama. Mvua, moshi, mawimbi na umati unaorukaruka ndio balaa: kila kitu kinabadilika, biti hazitoshi, picha inafanya vigae. Anga la machweo nalo linakatika matabaka kama ngazi.

Diski ya Full HD ina pikseli robo, lakini video yake inaweza kufika 40 Mbps. Kodeki yake, yaani mbinu ya kubana video, huwa ya zamani, mara nyingi H.264 ya 2003, wakati mtiririko wa 4K hutumia H.265 ya 2013, inayohitaji karibu nusu ya biti kwa ubora uleule. Hata hivyo, kwenye mandhari ya vurugu mimi nachagua diski. Ukitaka pikseli na biti pamoja, Blu-ray ya UHD hupanda hadi 128 Mbps.

Swali: Saa moja ya 4K inakula data kiasi gani?

Zidisha Mbps kwa 0.45, unapata GB kwa saa. 15 Mbps ni GB 6.75, 25 Mbps ni GB 11.25. Kwenye skrini ya simu, shusha ubora bila kujuta.

Swali: Kompyuta yangu ikiunganishwa na runinga inatoa 4K kwa fremu 30 tu. Kebo mbovu?

Yawezekana si mbovu, ni nyembamba kwa kazi hiyo. Kwenye kebo picha kwa kawaida hupita bila kubanwa, na 4K ya fremu 60 inataka karibu 12 Gbps. HDMI 1.4, toleo la zamani la muunganisho wa kebo hiyo, ina Gbps 10.2, na sehemu yake hutumika kulinda ishara, hivyo haitoshi. HDMI 2.0 ina 18. Kagua kebo, tundu la kompyuta na tundu la runinga. Kimoja kikiwa cha zamani, vyote vitashuka nacho. Runinga nyingine zina tundu moja au mawili tu yenye kasi kamili, na mara nyingi kosa ni kuchomeka kebo kwenye tundu jingine.