Maoteo ya watu na ya ajira yafanyike kwenye jedwali moja

Kazi yangu ni kutayarisha maoteo ya watu na ajira, yaani makadirio ya idadi zao kwa miaka ijayo, kwa ajili ya mipango ya mikoa. Vijana wanaoingia kwenye kazi hii huniuliza waanzie wapi, na jibu langu ni lilelile kila mara: msikubali watu wakadiriwe ofisi moja na ajira ikadiriwe ofisi nyingine. Hutokea sana. Wa elimu wana idadi yao, wa maji wana yao, na wa uchumi wamechukua takwimu za ajira kwenye andiko la mradi mkubwa unaotarajiwa. Ukizitazama mojamoja, zote zinaonekana sawa. Ukiziweka pamoja unakuta mkoa wenye nafasi za kazi nyingi kuliko watu wa kuzijaza, na hakuna aliyesema watu hao watatoka wapi wala watalala wapi.

Kuna hesabu fupi ninayoifanya kabla sijasoma ukurasa wa pili wa andiko lolote. Chukua watu wa miaka 15 na zaidi watakaokuwepo mwaka wa mwisho wa maoteo. Tuseme ni 400,000. Kama 70 katika kila 100 wanafanya kazi au wanaitafuta, nguvu kazi ni 280,000. Kama mmoja katika kila kumi wa hao hana kazi, walio kazini ni 252,000. Sasa andiko linasema kutakuwa na ajira 300,000. Hizo 48,000 zinazobaki lazima zielezwe. Huenda baadhi ni watu wenye kazi mbili. Huenda wengine watatoka mikoa jirani asubuhi na kurudi kwao jioni. Au huenda watahamia na wenza na watoto, na hapo hesabu ya madarasa, vitanda vya hospitali na mita za maji inabadilika yote. Au ajira hizo hazitakuwepo. Mpangaji anapaswa kujua lipi kati ya hayo ameliamini, maana kila moja lina bajeti yake.

Upande wa watu, mbinu inayotumika karibu kila mahali ni ya makundi rika: unagawa watu kwa umri na jinsi, kila kundi unalisogeza mbele kwa miaka, unaondoa watakaofariki, unaongeza watakaozaliwa, kisha unahesabu wanaoingia na wanaotoka. Mchumi Edwin Cannan aliitumia kwa Uingereza na Wales mwaka 1895, na kiini chake hakijabadilika. Uzuri wake ni kwamba inakulazimisha kusema kila dhana, yaani kila jambo unalolichukulia kuwa litakuwa kweli, kwa jina lake. Mkondo unaovutwa mbele kutoka sensa mbili zilizopita hausemi chochote kuhusu sababu. Unakupa idadi tu.

Hapa nawaomba wasomaji wangu watulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo muda mwingi unapotea. Nimekaa kwenye vikao ambavyo nusu siku inaisha kwa mabishano kuhusu kiwango cha uzazi. Lakini kila mtu atakayekuwa na miaka 15 au zaidi baada ya miaka kumi na mitano ijayo tayari amezaliwa. Kwa maoteo ya nguvu kazi ya muda huo, uzazi hauna nafasi kubwa, isipokuwa kwa jinsi unavyogusa ushiriki wa akina mama kwenye kazi. Vifo vya watu wazima navyo hubadilika polepole, isipokuwa kukiwa na vita au maradhi makubwa. Kinachobaki ni uhamaji, na ndio wenye takwimu dhaifu kuliko vyote. Mnaopanga shule za msingi, bishaneni kuhusu uzazi kwa nguvu zote. Mnaopanga ajira, nyumba na barabara, muda wenu upelekeni kwenye uhamaji.

Kuhusu uhamaji wenyewe, jambo la kwanza ni kuacha kutumia tofauti peke yake, yaani walioingia kutoa waliotoka. Hakuna binadamu anayehama kwa tofauti. Wapo wanaoingia na wapo wanaotoka, na kila kundi lina umri wake na sababu zake. Mwanademografia Andrei Rogers alilipinga jambo hili kwa miaka mingi, na hoja yake inaonekana wazi ukiifanyia kazi. Wanaotoka wanatokana na watu wa mkoa wako, kwa hiyo kiwango chao kizidishe kwa idadi ya mkoa wako. Wanaoingia wanatoka kwingine, kwa hiyo idadi yao inategemea watu wa huko walikotoka. Ukichukua kiwango cha tofauti na kukizidisha kwa mkoa unaokua kasi, kila mwaka unaongeza wahamiaji kwa sababu tu mwaka uliopita uliongeza wahamiaji. Baada ya miaka ishirini una mji ambao nchi nzima haina watu wa kutosha kuujaza.

La pili ni umri. Uhamaji hupanda sana kwa vijana wa miaka ya ishirini, kisha hushuka, na watoto wadogo hufuata wazazi wao. Kwa hiyo mkoa unaopoteza vijana leo unapoteza pia watoto ambao wangezaliwa humo kesho, na pengo hilo utaliona darasa la kwanza miaka saba baadaye.

Na la tatu, ambalo ni dogo kwenye vitabu lakini linaharibu maoteo mengi ya wilaya: vyuo, kambi za jeshi na magereza. Mji wenye chuo kikuu una vijana wengi wa miaka 19 hadi 24, na utaendelea kuwa nao, lakini si walewale. Wanamaliza na kuondoka, wengine wanakuja. Usipowatenga, programu yako itawazeesha hapohapo, na baada ya miaka kumi utakuwa na maelfu ya watu wa miaka thelathini ambao hawapo, pamoja na watoto wao ambao hawatazaliwa hapo. Watenge kabla ya kuanza, sogeza mbele wengine, kisha warudishe mwishoni kulingana na mipango ya chuo chenyewe.

Upande wa ajira, swali la kwanza la kuuliza takwimu yoyote ni hili: inahesabu watu pale wanapoishi au kazi pale zilipo? Utafiti wa kaya unahesabu watu kwao. Orodha za waajiri zinahesabu nafasi kwenye eneo la kazi, na mara nyingi haziwagusi waliojiajiri. Mikoa ya pembezoni mwa miji mikubwa inaweza kuonekana tajiri wa ajira kwa takwimu moja na maskini kwa nyingine, na zote mbili zikawa sahihi.

Swali la pili ni tafsiri rasmi iliyotumika mwaka ule. Mwaka 2013, Mkutano wa 19 wa Kimataifa wa Watakwimu wa Kazi, ulioandaliwa na Shirika la Kazi Duniani, ulibadilisha maana ya ajira: anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha kaya yake hahesabiwi tena kuwa ameajiriwa, ingawa kazi yake inatambuliwa kuwa kazi. Kwenye mikoa ya wakulima wadogo, mabadiliko hayo peke yake yanaweza kushusha ajira kwenye karatasi bila mtu yeyote kuacha jembe. Ukiunganisha utafiti wa kabla na wa baada bila kurekebisha, utatabiri anguko ambalo halijatokea. Tafuta takwimu ghafi na uzihesabu upya kwa tafsiri moja.

Kisha tenganisha kazi zinazouza nje ya mkoa na zile zinazohudumia wakazi. Mgodi, kiwanda cha kuuza nje, hoteli za watalii na chuo cha taifa huleta fedha kutoka nje. Kinyozi, mwalimu wa shule ya msingi na muuza duka hufuata idadi ya watu. Kundi la kwanza likadirie kwa kuuliza, shughuli kwa shughuli, nani ananunua na kwa nini ataendelea. Kundi la pili lipate kutoka kwenye maoteo ya watu yenyewe. Hapo jedwali linajifunga: ajira huleta watu, watu huleta ajira za huduma, na unarudia hesabu mpaka pande mbili zikubaliane. Mkoa wenye mwajiri mmoja mkubwa usiupe mstari mmoja wa kati. Uandikie hali mbili, akiwepo na akiwa ameondoka, kwa sababu wastani wa hali hizo mbili hautatokea kamwe. Detroit, mji wa Marekani uliotegemea viwanda vya magari, ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950. Sensa ya 2020 ilikuta 639,111.

Kabla ya kumkabidhi mtu yeyote maoteo yako, yajaribu kwa kurudi nyuma. Simama kwenye sensa ya zamani, jifanye hujui kilichofuata, kadiria hadi sensa ya karibuni, kisha pima umekosea kiasi gani kwa kila wilaya. Utaona kwamba maeneo madogo na yanayobadilika kasi yana makosa makubwa zaidi, na kwamba kosa huongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Upana wa kosa hilo ndio upana unaopaswa kuuonyesha kwenye ripoti. Wakubwa watakuomba idadi moja. Wape ya kati, lakini waulize uamuzi gani unategemea idadi hiyo. Ardhi ya shule na njia ya bomba kuu la maji zitengwe kwa makadirio ya juu, kwa sababu nyumba zikishajengwa juu yake, ardhi hiyo hairudi. Madarasa na pampu zijengwe kwa awamu, kwa makadirio ya kati.

Shinikizo litakuja. Mgao wa fedha unapofuata idadi ya watu, kila wilaya inataka kukua. Jumlisha makadirio ambayo wilaya zimejitengenezea na mara nyingi utapata mkoa mkubwa kuliko ule ambao taifa linautarajia. Kubaliana mapema, kwa maandishi, kwamba wilaya zitalingana na jumla ya mkoa na mikoa na jumla ya taifa, na anayetaka kuongezewa alete ushahidi: vibali vya ujenzi, uandikishaji wa wanafunzi, wateja wapya wa maji na umeme. Lengo la kiongozi, hata likiwa jema, liwe na safu yake. Lisiandikwe kwenye safu ya maoteo.

Na weka kumbukumbu. Kila toleo lihifadhiwe na tarehe yake, takwimu za kuanzia, kila dhana na aliyeipitisha, ili matokeo ya sensa mpya yakitoka, atakayekaa kwenye kiti chako aweze kuona ni dhana ipi iliyopotoka na aanze kurekebisha kutoka hapo.