Kioo cha leza kinachozima mchana na kukataa kurudi jioni

SWALI: Hujambo mhandisi. Niko Kasarani, natengeneza kifaa cha kupima umbali kwa leza. Nimenunua kioo cha MEMS (mashine ndogo mno zinazochongwa kwenye silikoni) cha kipenyo cha milimita 2 kinachotikiswa kwa sumaku. Nikipandisha masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde) polepole, pembe inakua hadi kama digrii 11 na nusu kila upande nikifika 2,005 Hz, kisha mtikisiko unaanguka ghafla. Nikishusha masafa, hauinuki pale ulipoangukia, unangoja hadi 2,002. Asubuhi nakiacha kwenye 2,004 kikifanya kazi vizuri. Ikifika saa saba mchana, mstari wa leza unakuwa nukta, na hata jua likitua haurudi. Springi zake ni vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila upande: urefu maikrometa 400, upana 120, unene 20. Je, kimeharibika? Nikichora changu, springi ziwe vipi?

JIBU: Ndugu yangu, kioo chako ni kizima. Tena umekipima kwa uangalifu, kwa sababu hizo namba mbili, 2,005 na 2,002, ndizo zinazoeleza kila kitu, pamoja na kile kinachotokea mchana.

Kwa pembe ndogo, springi ya msokoto hudai nguvu inayolingana na pembe: pembe ikiwa maradufu, nguvu nayo maradufu. Pembe ikikua, uhusiano huo huvunjika. Chukua utepe wa plastiki wa kufungia katoni, uusokote ukiwa umeshika ncha zote mbili. Mstari wa katikati unabaki umenyooka, lakini kingo zinazunguka kama uzi wa parafujo, na njia hiyo ni ndefu zaidi. Kwa hiyo kingo zinavutika, na mvuto huo unapigania kuusokotoa utepe. Nguvu hii ya ziada hukua kwa pembe iliyopandishwa kwa tatu.

Tuweke hesabu. Nguvu ya kawaida ya kijiti kama chako ni takriban 0.3 × G × b × t³ × (θ/L), ambapo G ni ugumu wa silikoni dhidi ya kusokotwa, b upana, t unene, L urefu na θ pembe kwa radiani. Nguvu ya ziada, ncha zikiwa zimezuiwa zisisogeleane, ni E × t × b⁵ × (θ/L)³ ÷ 160, ambapo E ni ugumu wa silikoni dhidi ya kuvutwa. Kwako zimezuiwa hasa: vijiti viwili vinakivuta kioo kwa nguvu sawa kutoka pande mbili, basi hakuna kinachosogea. Kwa silikoni, E/G inategemea mwelekeo wa fuwele, nichukue 2.5. Kwa vipimo vyako na θ ya 0.2 (zile digrii 11 na nusu), nguvu ya ziada inatoka takriban 0.7% ya ile ya kawaida. Masafa ya resonansi, yaani yale ambayo kioo hutikisika kwa urahisi zaidi, hupanda kwa tatu ya nane ya uwiano huo, yaani kama 0.25%. Kwa kioo cha 2,000 Hz, hiyo ni 5 Hz, na ndipo kioo chako kinapoangukia.

Utauliza, 0.25% ina uzito gani? Ina uzito mkubwa, maana kilele chenyewe, yaani sehemu ya masafa ambamo pembe inakuwa kubwa, ni chembamba. Kwa jinsi mruko wako (kule kuanguka ghafla) ulivyo, nakadiria Q ya kioo hicho, yaani kipimo cha jinsi kinavyopoteza nishati kidogo kikitikisika, ni karibu 2,000, hivyo upana wa kilele ni 1 Hz tu. Kilele kikisukumwa 5 Hz kulia, mchoro wake hulala upande. Kati ya 2,002 na 2,005 panakuwa na hali mbili thabiti kwa masafa yaleyale: pembe kubwa na pembe ndogo. Kioo hukaa katika ile kilikotoka. Mlingano wa tabia hii unaitwa kwa jina la Georg Duffing, mhandisi Mjerumani aliyeuchambua mwaka 1918.

Sasa mchana. Silikoni hulegea ikipata joto, na masafa ya resonansi hushuka takriban sehemu 30 kwa milioni kwa kila digrii. Sanduku lako likipata joto la digrii 20 zaidi ya asubuhi, jambo la kawaida kwa kifaa kilichofungwa na kuachwa juani hapa Nairobi, masafa yanashuka 1.2 Hz. Ukingo uliokuwa 2,005 sasa uko 2,003.8. Wewe bado uko 2,004, umeshauvuka, na pembe inaanguka. Jioni ukingo unarudi 2,005, lakini kioo kimeshahamia hali ya pembe ndogo, na hakitapanda mpaka masafa yashuke chini ya 2,002. Ndiyo maana kupoa peke yake hakusaidii.

Ukitaka uhakika, punguza mkondo wa umeme hadi pembe iwe theluthi. Kilele kitasogea kwa sehemu moja ya tisa tu, kama nusu Hz, na mruko utatoweka. (Usishangae ukikutana na kioo kinachoegemea kushoto badala ya kulia. Vinavyoendeshwa kwa umemetuamo (mvuto wa chaji za umeme badala ya sumaku) mara nyingi huwa hivyo, kwa kuwa uwanja wa umeme wenyewe hulegeza springi.)

Kwa kioo ulichonacho, acha kushikilia masafa, shikilia fezi, yaani kiasi ambacho mtikisiko wa kioo unachelewa nyuma ya mkondo. Weka fotodayodi (kihisi cha mwanga) pembeni mwa mstari wa leza, pima kioo kinachelewa kiasi gani nyuma ya mkondo, na saketi irekebishe masafa ili uchelewaji ubaki karibu digrii 90. Hapo kilele kikihama kwa joto, nawe unahama nacho. Kuwasha kuanzie 1,995 Hz hivi, upande polepole.

Kuhusu kuchora chako, wengi watakuambia uikunje springi kama nyoka ili ncha ziwe huru. Kukunja kunasaidia, ila si kwa kiasi kinachodhaniwa. Ukikiacha kijiti kijifupishe, ile 160 kwenye kigawanyo inakuwa 360. Umepunguza tatizo kwa zaidi ya nusu kidogo, basi. Kingo bado zinavutika huku katikati pakibanwa. Adui ni upana, kwa sababu uwiano wa nguvu ya ziada hufuata b⁴ ÷ t² ÷ L². Mimi ningepunguza upana kwanza, kukunja baadaye kama bado kuna haja.

Lakini usikimbilie kupunguza upana na urefu pamoja ili kulinda masafa. Ukichora upana 60 na urefu 200, ugumu unabaki uleule na nguvu ya ziada inapungua mara nne, lakini mkazo kwenye kijiti, ambao ni karibu G × t × θ/L, unapanda kutoka takriban megapaskali 650 hadi 1,300. Silikoni haipindi ikabaki imepinda, hukatika, na kwa kiwango hicho mkwaruzo mdogo wa uchongaji unatosha kuanzisha ufa. Afadhali tabaka la silikoni lenye unene wa maikrometa 30, upana 40, urefu uleule wa 400. Masafa yatashuka hadi kama 1,650 Hz kwa kioo kilekile, mkazo utapanda kidogo, na mruko utakuwa umekwisha kabisa kwa matumizi yako.

Gharama yake iko kwingine. Kijiti chembamba hulegea sana kwa kuyumba pembeni, ndani ya bapa la kioo, karibu mara 18 kwa vipimo hivyo. Kabla ya kutuma mchoro kiwandani, endesha programu ya kukokotoa mitikisiko yote na uhakikishe hakuna unaokaribia ule wa msokoto au maradufu yake. Na chipu usiigundishe kwa gundi ngumu pande zote nne juu ya bodi ya saketi. Bodi hutanuka kwa joto mara tano au zaidi kuliko silikoni, na tofauti hiyo yote itaishia kuvuta springi ulizohangaika kuzichora. Gundisha upande mmoja tu, kwa gundi laini.