Sindano ya neva kwa maumivu ya nyonga

SWALI: Mama ana saratani ya shingo ya kizazi. Mofini ya maji anayopewa bure humlaza mchana kutwa, na maumivu hayaishi. Je, sindano ya kuua neva itampoozesha miguu? – Msomaji, Mbarara

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Sindano hiyo hulenga mtandao wa neva ulio mbele ya pingili ya mwisho ya kiuno, unaopitisha maumivu ya kizazi na kibofu, wala si neva zinazoendesha miguu, kwa hiyo kupooza ni nadra sana. Daktari, akiongozwa na eksirei, kwa kawaida hujaribu kwanza dawa ya ganzi, na maumivu yakipungua ndipo hudunga alkoholi au fenoli (kemikali ya kuua neva), ambayo nafuu yake huweza kudumu miezi kadhaa. Mofini, tafadhali, isikatishwe ghafla. Daktari ataipunguza kidogo kidogo.